Mzee Kama Mtoaji: Imani na Maisha ya Jumuiya katika Makao ya Wazee ya Kikristo

Makao ya wazee ya Kikristo ni nyumba ambamo watu wa umri mkubwa, wasio na jamaa wa kuwatunza au ambao jamaa zao wamelemewa, huishi pamoja chini ya uangalizi wa kanisa, wa shirika la watawa au wa chama cha waumini, wakipata chakula, malazi na matibabu, na wakishiriki ibada kwa kadiri ya hiari na nguvu zao. Maelezo haya ni sahihi, lakini yana upungufu mkubwa, kwa kuwa yanamweka mzee upande wa kupokea peke yake: analishwa, anaogeshwa, anatibiwa, hata anaombewa. Hoja ya makala haya ni kwamba nyumba ya namna hiyo haiwi jumuiya, yaani kundi la watu wanaotegemeana, mpaka mzee naye awe na kitu ambacho wenzake wanakihitaji kutoka kwake, na kwamba mchango mkubwa wa imani ya Kikristo katika historia ya utunzaji wa wazee umekuwa kumwachia mzee nafasi hiyo ya mtoaji hata baada ya mikono yake kuishiwa nguvu.

Chimbuko la fikra hii ni la kale kuliko majengo yenyewe. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, katika sura ya 5, unazungumzia wajane walioandikwa katika orodha ya kanisa, yaani wanawake waliotimiza umri wa miaka 60 na ambao kusanyiko lilichukua jukumu la kuwakimu. Orodha hiyo ilikuwa zaidi ya daftari la misaada, kwani sura hiyohiyo inamweleza mjane wa kweli kuwa mtu adumuye katika kuomba usiku na mchana, na katika karne ya 2 askofu Polikarpo wa Smirna, alipowaandikia Wakristo wa Filipi, aliwafananisha wajane na madhabahu ya Mungu. Mjane huyo, basi, alikula chakula cha kanisa huku akishika cheo ndani ya kanisa, na kazi yake, ambayo kijana mwenye shughuli nyingi asingeweza kuifanya kwa utulivu ule, ilikuwa kuwabeba wengine katika sala. Inafaa kuzingatia pia kwamba sura hiyo inawaagiza watoto na wajukuu wawatunze wazazi wao kwanza, ili kanisa libaki na uwezo wa kuwasaidia wale wasio na mtu. Hivyo tangu mwanzo huduma hii haikukusudiwa kuupokonya ukoo wajibu wake.

Ukristo ulipopata uhuru katika Dola ya Kirumi katika karne ya 4, huduma iliyokuwa ikifanyika majumbani ilipata majengo. Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, mji ambao leo unaitwa Kayseri nchini Uturuki, alijenga nje ya mji kituo kikubwa cha maskini, wagonjwa na wasafiri, na kufikia karne ya 6 sheria za Kaisari Justiniani zilikuwa zikizitaja nyumba za wazee miongoni mwa taasisi za huduma zilizotambuliwa. Katika karne hiyohiyo Benedikto wa Nursia aliweka katika Kanuni yake, yaani mwongozo wa maisha ya watawa, sura ya 37 inayoagiza kwamba wazee na watoto wasibanwe na ukali wa taratibu za chakula, bali waruhusiwe kula kabla ya saa zilizopangwa. Sura hiyo ni fupi mno, lakini imebeba kanuni ambayo kila msimamizi wa makao ya wazee angefaa kuifahamu, kwani mzee analegezewa ratiba akiwa angali ndani ya jumuiya, na mahali pake mezani pa wote hapaondolewi.

Historia hiyohiyo ina upande wake wenye kasoro, na kuuficha hakuwafai wazee. Huko Augsburg, Ujerumani, tajiri Jakob Fugger alianzisha mwaka 1521 mtaa wa nyumba za maskini unaoitwa Fuggerei, ambao ungali na wakaazi hadi leo. Kodi yake kwa mwaka ni senti 88 za euro, kiasi kinacholingana na guldeni moja ya zamani, na wakaazi wanatakiwa kusali kila siku sala tatu kwa ajili ya mwanzilishi na jamaa yake. Mpango huu umewahifadhi watu wengi kwa muda wa karne tano, na ukarimu wake hauna budi kuheshimiwa, lakini sala ndani yake imekaa karibu sana na kodi ya pango, kwa kuwa mkaazi anaitoa kama sehemu ya masharti ya kupewa nyumba. Tofauti kati ya sala inayotozwa na sala inayoombwa ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa haraka. Mtu anayetozwa sala ni mdaiwa, na deni lake halina mwisho. Mtu anayeombwa sala na jirani mwenye shida ni mtu anayehitajiwa, naye anaweza kukubali au kukataa. Nyumba nyingi za Kikristo, hata zisizo na sharti lolote lililoandikwa, huangukia katika utozaji huo bila kukusudia, pale ambapo mzee anaelewa kwamba kikombe cha chai na tabasamu la mhudumu vinategemea kuonekana kwake kanisani.

Mfano unaolieleza jambo hili kwa kina zaidi ni wa Jeanne Jugan na shirika alilolianzisha, Masista Wadogo wa Maskini. Jeanne alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, katika jimbo la Bretagne, Ufaransa. Baba yake, aliyekuwa mvuvi, alipotea baharini wakati binti huyo angali mtoto mdogo, naye alikua akifanya kazi za jikoni katika nyumba za watu, kisha kazi ya uuguzi katika hospitali ya Saint-Servan, mji ambao sasa ni sehemu ya Saint-Malo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1839, akiwa na umri wa miaka 47 na akiishi na wenzake wawili katika vyumba vidogo vya kupanga, alimchukua nyumbani kikongwe kipofu aliyepooza, aliyeitwa Anne Chauvin, akampa kitanda chake mwenyewe. Baada yake alikuja mwingine, na mwaka 1841 wanawake hao walilazimika kuhamia nyumba kubwa zaidi iliyotosha wazee 12. Walijikimu kwa kusokota nyuzi na kufua nguo za watu, na wazee wenyewe, wale ambao vidole vyao vilikuwa bado vinafanya kazi, walisokota pamoja nao.

Fedha ya kusokota haikutosha, na hapo ndipo lilipotokea tendo ambalo waandishi wengi hulitaja kwa haraka, ingawa ndilo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Wengi wa wazee hao walikuwa wamezoea kuombaomba mitaani, na kila mmoja alikuwa na watu wake waliomfahamu na kumpa kitu. Jeanne aliwaomba wamtajie majina ya wafadhili wao, kisha akachukua kikapu, kwa kutiwa moyo na Ndugu wa Mtakatifu Yohane wa Mungu, akaenda nyumba kwa nyumba kuomba kwa niaba yao. Kwa tendo hilo aliwaondolea wazee fedheha na hatari ya barabarani, akaibeba yeye mwenyewe. Lakini alifanya pia jambo la pili lisilopungua uzito, kwa kuwa msingi wa uchumi wa nyumba ile ulikuwa elimu iliyotoka kwa wazee, yaani mtandao wa watu waliowajua wao. Mzee ambaye mji mzima ulimwona kama mzigo alikuwa amechangia mtaji. Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa ilimpa Jeanne tuzo ya Montyon, iliyotolewa kwa watu maskini waliotenda mema makubwa, pamoja na faranga 3,000, na sifa hiyo ilimfungulia milango mingi alipokuwa akizunguka kukusanya sadaka.

Kuomba huko kulikuja kuwa sehemu ya kudumu ya maisha ya shirika. Mwaka 1865 lilipotokea swali kama shirika likubali mapato ya uhakika, yaani mali au amana zinazozalisha fedha kila mwaka, viongozi waliamua kuyakataa, na Jeanne, ambaye wakati huo hakuwa na madaraka yoyote, aliitwa atoe maoni yake na akaunga mkono uamuzi huo. Mchumi wa leo ataona hatari katika uamuzi huo, na hofu yake ina haki, kwani wazee hawawezi kula imani pindi ghala likiwa tupu. Hata hivyo kuna hekima ya kijamii ndani yake. Nyumba yenye amana kubwa benki inaweza kufunga lango lake na kusahaulika na mji, ilhali nyumba inayohitaji unga wa wiki ijayo inalazimika kumjua mwenye duka, mkulima, mchinjaji na mama wa sokoni, nao wanalazimika kujua kwamba wazee wapo. Msomaji wa Kenya ataiona hapa roho ya harambee, ambamo thamani ya mchango hupimwa pia kwa idadi ya mikono iliyoutoa.

Maisha ya Jeanne mwenyewe yaliishia mahali ambapo hoja hii inajaribiwa kwa ukali wote. Mwaka 1843, baada ya masista kumchagua tena kuwa mkuu wao, padre aliyewasimamia, Auguste Le Pailleur, alibatilisha uchaguzi huo na kumweka sista kijana mahali pake, kisha kwa miaka iliyofuata akajitangaza kuwa yeye ndiye mwanzilishi. Mwaka 1852 Jeanne aliondolewa katika kazi ya kukusanya sadaka akarudishwa katika nyumba mama, na kutoka 1856 hadi kifo chake tarehe 29 Agosti 1879 aliishi La Tour Saint-Joseph, katika kijiji cha Saint-Pern, miongoni mwa wanovisi, yaani wasichana waliokuwa wakijaribiwa kabla ya kuweka nadhiri, ambao wengi wao hawakujua kwamba bibi yule mwenye fimbo ndiye aliyeanzisha shirika lililokuwa na masista takriban 2,400 alipofariki. Ukweli ulianza kurudishiwa heshima yake Le Pailleur alipoondolewa na Roma mwaka 1890, na Papa Benedikto wa 16 alimtangaza Jeanne kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Dhuluma aliyotendewa haina utetezi, na si vema kuipamba kwa maneno ya utauwa kana kwamba ilihitajika ili awe mtakatifu. Lakini katika miaka hiyo 27, akiwa hana ofisi, hana sauti katika mikutano, na macho yake yakififia, alikuwa anawalea wanovisi kwa mazungumzo na mwenendo wake, na roho ya shirika iliwafikia vijana hao kwa njia yake kuliko kwa njia ya amri za mkuu. Aliyekuwa ameanza kwa kuwapa wazee nafasi ya kutoa aliipata nafasi hiyo yeye mwenyewe uzeeni, ingawa waliomweka pale hawakukusudia hivyo.

Leo shirika hilo linafanya kazi katika mabara mbalimbali, na masista wake, pamoja na nadhiri tatu za kawaida za usafi wa moyo, ufukara na utii, huweka nadhiri ya nne, ya ukarimu, inayowafunga kuwapokea na kuwahudumia wazee maskini. Masista huishi chini ya paa moja na wazee, na kikanisa kimo ndani ya jengo, kiasi kwamba mtu anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu anaweza kufika kwenye Misa bila kuvuka barabara. Ipo pia desturi inayojulikana katika nyumba zao, ya kuweka mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu sampuli ya kitu kilichopungua stoo, kiwe kiazi au kitu kingine, na kuwaomba wazee wakiombee. Mtu asiye wa imani hiyo anaweza kuiona kuwa desturi ya kitoto, lakini matokeo yake ya kijamii ni ya watu wazima kabisa, kwa kuwa mzee anaambiwa ukweli kuhusu hali ya nyumba, anashirikishwa wasiwasi wa matumizi kama mkuu yeyote wa familia, na anapewa kazi ya kufanya kuhusu wasiwasi huo. Katika taasisi nyingi za utunzaji wazee huwa wa mwisho kujua kwamba fedha zimepungua, nao hulijua hilo kwa kuona nyama imetoweka kwenye sahani.

Suala la uhuru wa dhamiri, ambalo Fuggerei inaliacha wazi, linapata jibu la vitendo huko Annaba, Algeria, mji ambao zamani uliitwa Hippo na ambamo Agostino alikuwa askofu hadi kifo chake mwaka 430. Kando ya basilika ya mtakatifu huyo masista wana nyumba ya wazee ambamo wakaazi walio wengi ni Waislamu. Nyumba hiyo inathibitisha kwamba makao yanaweza kuwa ya Kikristo kwa sababu ya imani ya wanaohudumu, bila kumdai mkaazi aibadili yake, na kwamba mzee anayesali kwa namna tofauti naye ni mtu anayeweza kuombwa dua. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, ambako ukoo mmoja mara nyingi una Wakristo na Waislamu, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Jijini Nairobi shirika hilohilo linaendesha huko Kasarani nyumba inayoitwa Nyumba ya Wazee.

Katika mji kama Nairobi, ambako watu wa makabila mengi wamezeekea mbali na nyumbani, huzuka jambo ambalo vitabu vya Ulaya vilivyoandikwa kwa ajili ya wakaazi wa lugha moja haviwezi kulijibu. Dimenshia ni hali ambayo ubongo unapoteza polepole uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kujiongoza, na wenye hali hiyo mara nyingi hupoteza kwanza lugha walizojifunza baadaye na kurudi katika lugha ya mama. Mzee aliyezungumza Kiswahili kwa nusu karne anaweza kuamka akiwa na Kikamba au Kiluo peke yake, na mhudumu asiyejua lugha hiyo akadhani kwamba anaropoka. Wakati huohuo kumbukumbu ya nyimbo na ya sala zilizorudiwa tangu utotoni hudumu kuliko kumbukumbu nyingine nyingi, hata mtu asiyeweza kutaja jina la mwanawe akaweza kuifuata Sala ya Bwana hadi mwisho, au kuimba ubeti mzima wa wimbo uliomo katika Tenzi za Rohoni. Kwa hiyo kitabu cha sala na nyimbo cha lugha ya mama ya kila mkaazi, pamoja na mtu wa kukisoma kwa sauti, ni chombo cha utunzaji chenye haki ya kuwekwa katika bajeti sawa na dawa za shinikizo la damu.

Mwanasaikolojia Mwingereza Tom Kitwood, aliyewahi kuwa kasisi wa Kianglikana na kufundisha shuleni nchini Uganda katika miaka ya 1960, alitoa mwaka 1997 kitabu kilichobadilisha namna ya kuwatunza watu wenye dimenshia. Alifundisha kwamba utu ni hadhi ambayo mtu huipata na kuitunza ndani ya uhusiano wake na wengine, na kwamba sehemu kubwa ya kuporomoka kwa mgonjwa husababishwa na namna watu wanavyomtendea: kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo, kumharakisha, kumfanyia kila kitu hata kile anachokiweza. Mwafrika aliyelelewa katika fikra ya kwamba mtu ni watu hatashangazwa na nadharia hii, bali atashangaa kwamba ilihitaji kusubiri hadi mwisho wa karne ya 20 ili iingie hospitalini. Kwa mujibu wake, bibi anayepewa kunde za kuchambua, ingawa atazichanganya na maganda, anatunzwa vizuri kuliko bibi aliyeketishwa mbele ya televisheni ili asisumbue.

Jambo la mwisho ambalo jumuiya ya imani hulifanya ni kuyazunguka mauti. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya Mtakatifu Christopher jijini London mwaka 1967, alieleza kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yana pande za mwili, nafsi, jamaa na roho, na kwamba morfini, pamoja na umuhimu wake mkubwa, haigusi pande zote hizo. Elimu yake ilifika Afrika Mashariki kupitia Hospisi ya Nairobi na kupitia daktari Anne Merriman, aliyeanzisha huduma ya namna hiyo Kampala mwaka 1993. Masista Wadogo walikuwa na desturi yao tangu zamani: hupeana zamu za kukaa na mkaazi anayekufa, mchana na usiku, ili asikate roho peke yake, baada ya kupewa Mpako wa Wagonjwa, yaani sakramenti ya kupakwa mafuta matakatifu, kama ni Mkatoliki anayeitaka. Pale ambapo wazee wenzake huruhusiwa kuingia, kushika mkono na kusali, kila mmoja wao anajionea kwa macho namna yeye mwenyewe atakavyosindikizwa, na hofu kubwa ya uzee, ambayo kwa wengi ni hofu ya upweke kuliko hofu ya kifo, inapata jibu ambalo mahubiri matupu hayalitoi.

Katika Afrika Mashariki husikika pingamizi kwamba makao ya wazee ni aibu, kwamba ni jambo la kigeni, na kwamba mzazi aliyeko huko ametupwa na watoto wake. Pingamizi hili lina heshima ndani yake na halistahili kubezwa, kwa kuwa linalinda wajibu uleule ambao Waraka kwa Timotheo uliutanguliza. Lakini wapo wazee ambao watoto wao walikufa kabla yao, wapo wasiozaa, wapo waliofukuzwa kwa tuhuma za uchawi, na wapo wanaoishi na mtoto anayewaacha chumba kimoja cha kupanga toka alfajiri hadi usiku kwa sababu lazima aende kazini. Aibu ya kweli haimo katika anwani ya mzee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 57, inataja haki za wazee, yaani watu waliotimiza miaka 60, kwa mpangilio wenye mafunzo: kwanza kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kisha kujiendeleza, kisha kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na mwishoni kabisa kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 nayo iliwatambua wazee kuwa hazina ya maarifa kwa maendeleo ya taifa. Nyumba inayotoa matunzo na kusahau ushiriki imeanza na haki ya mwisho katika orodha na kuishia hapohapo.

Makanisa ya eneo hili yana chombo ambacho Jeanne Jugan hakuwa nacho. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA uliofanyika Nairobi, waliziweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia jirani vinavyokutana kusoma Neno, kusali na kusaidiana, kuwa kipaumbele cha uchungaji. Mara nyingi jumuiya hizo huenda makao ya wazee wakati wa Krismasi au Kwaresima zikibeba sukari, sabuni na mchele, zinaimba, zinapiga picha na kuondoka, na wazee hubaki wakishukuru. Utaratibu unaofaa zaidi ni makao yenyewe kuwa jumuiya mojawapo ya parokia, yenye mwenyekiti na katibu kutoka miongoni mwa wakaazi, yenye zamu yake ya kuongoza sala, yenye mwakilishi katika halmashauri ya walei, na yenye daftari ambamo waumini wa nje huandika shida zao, za ndoa, za ada za shule, za wagonjwa walioko hospitalini, ili wazee waziombee na kuuliza baadaye zimeishia wapi. Idadi ya watawa inazidi kupungua katika nchi za Ulaya, na nyumba nyingi za huko zimefungwa au kukabidhiwa mikono mingine. Kwa hiyo walei, yaani waumini wasio watawa wala mapadre, watazidi kuhitajika katika kazi hii, na parokia inayotaka kuanza haihitaji kusubiri jengo wala mfadhili, kwa sababu katika kila jumuiya wapo tayari wazee wanne au watano wasioweza tena kufika kanisani, na daftari la maombi linaweza kupelekwa vitandani mwao Jumapili hii.